Kuku, Kiapo na Walenisi: Hulka ya Binadamu katika Bunilizi na Historia ya Bara ya Malindi

Dai kwamba bunilizi humfunulia msomaji hulka ya binadamu ni kongwe, na kwa ajili ya ukongwe wake aghalabu hupita bila kuhojiwa. Aristotle alilitangulia aliposema kuwa utunzi hushughulikia mambo ya jumla ilhali historia hushughulikia yaliyotukia moja moja. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili nao wameliendeleza kwa namna yao kila walipomsifu mwandishi fulani kwa kuwa 'anamjua mtu'. Lakini sifa hiyo haituambii ni kipi hasa kilichojulikana. Je, bunilizi hutuonyesha mtu alivyo, au hutuonyesha jinsi anavyopenda adhaniwe? Na ikiwa ni hilo la pili, hayo yanayoitwa maarifa ya hulka yanatofautianaje na uvumi wa barazani?

Makala haya yanakusudia kulishusha swali hilo kutoka katika anga za nadharia na kuliweka mahali pamoja. Kakuyuni iko magharibi ya mji wa Malindi, katika njia ya kwenda Jilore, si mbali na upande wa kaskazini wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Sikio la Mswahili husikia mkuyu ndani ya jina hilo. Hatukuichagua kwa sababu ya mwandishi yeyote aliyezaliwa huko, bali kwa kuwa imesimama baina ya hazina mbili za kumbukumbu. Mashariki yake, kuelekea baharini, ni Malindi iliyofufuliwa katikati ya karne ya 19 chini ya masultani wa Unguja, ikawa mji wa mashamba makubwa ya mtama na ufuta yaliyolimwa na watumwa. Magharibi na kaskazini yake ni nchi ya Wagiriama, nchi ya kaya na ya bonde la Sabaki. Hazina ya kwanza imehifadhiwa zaidi kwa maandishi: barua za makonsuli na wamisionari, na madaftari ya kusajili mauziano na rehani za mashamba, ambayo Frederick Cooper aliyatumia katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu utumwa wa mashamba katika pwani ya Afrika Mashariki. Hazina ya pili imehifadhiwa zaidi kwa midomo. Baina ya hizo mbili ndipo tunapotaka kuuliza bunilizi inajua nini.

Tuanze na midomo. Simulizi inayojulikana kuliko zote katika nchi hiyo ni ya Mekatilili wa Menza na kuku. Inasimuliwa kwamba katika baraza moja la mwaka 1913 Arthur Champion, msaidizi wa mkuu wa wilaya, alikuja kudai vijana wa Kigiriama wakafanye kazi za serikali na za mashamba ya walowezi. Mekatilili akatokea na kuku mwenye vifaranga, akamtaka Mzungu achukue kifaranga kimoja. Champion aliponyoosha mkono, kuku alimrukia akamdonoa. Mama yule akasema kwamba hayo ndiyo yatakayompata atakayethubutu kuwachukua wana wa Wagiriama. Wapo wanaoongeza kofi, na wapo wanaoongeza bunduki. Kiini ni kimoja.

Msomaji wa haraka ataiona simulizi hii kuwa ni fumbo jepesi: mama hutetea mwanawe kama kuku anavyotetea vifaranga, kwa hiyo upinzani wa Wagiriama ulikuwa jambo la silika. Jina lenyewe la shujaa linaunga mkono usomaji huo. Alizaliwa Mnyazi wa Menza. Mekatilili maana yake ni mama Katilili. Historia imemhifadhi kwa jina la mwanawe. Hapa, basi, hulka ya binadamu imeelezwa kwa sentensi moja na mambo yamekwisha.

Hayajakwisha. Katika mwaka huohuo, Mekatilili pamoja na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya watu katika Kaya Fungo na kuwalisha viapo. Cynthia Brantley, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1981, anavitaja viwili: wanawake waliapa mukushekushe, na wanaume waliapa fisi. Shabaha ya viapo ilikuwa kuwafunga watu wasiisaidie serikali, wasitoe vijana, wasilipe kodi, wasiwatii vinara waliowekwa na Mwingereza na waliokuwa wakilipwa naye. Tuliangalie jambo hili kwa makini. Kuku hali kiapo. Hahitaji kukusanywa kayani, wala kutishwa kwa maafa, ndipo amrukie anayechukua kifaranga chake. Ikiwa utetezi wa mwana ungekuwa silika kwa binadamu kama ulivyo kwa kuku, viapo vile vingekuwa kazi ya bure. Vilihitajika kwa sababu katika jamii hiyohiyo walikuwapo wazee waliokwisha kupokea mshahara, wafanyabiashara waliokuwa na faida yao katika amani, na watu wa kawaida walioogopa. Binadamu anaweza kumtoa kifaranga chake. Anaweza hata kueleza kwa ufasaha kwa nini ilifaa kumtoa.

Kwa usomaji huu simulizi ya kuku inageuka. Haiwi tena picha ya Wagiriama walivyokuwa. Inakuwa lawama iliyofunikwa, nayo haikuelekezwa kwa Champion peke yake bali kwa wote waliokuwa wamekaa barazani wakisikiliza. Kuku anakipata bure kile ambacho nyinyi mnahitaji kuapishwa ndipo mkipate. Naam, msikilizaji anaweza kuifurahia hadithi kwa miaka mingi bila kuona kwamba yeye ndiye anayesemwa. Nguvu ya bunilizi iko hapo, na hatari yake iko hapohapo: inamruhusu mtu ajitambue, lakini haimlazimishi.

Yaliyofuata yanajulikana. Mekatilili na Wanje walikamatwa Oktoba 1913 wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 walitoroka na kurudi kwao. Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, vita vikazuka, na Wagiriama wakaamriwa kuhama upande wa kaskazini wa Sabaki, kutoa vibarua 1,000 na kulipa faini ya rupia 100,000. Nyaraka za serikali zinatuhesabia vibarua na rupia. Haziwezi kutuambia mtu aliyekula kiapo na mtu aliyekula mshahara waliangalianaje usoni walipokutana kisimani baada ya hayo, ingawa huenda walikuwa ndugu wa tumbo moja. Riwaya ya jambo hilo, kwa maoni yetu, ndiyo ambayo bara ya Malindi bado inaidai fasihi ya Kiswahili. Mashujaa wa kusifiwa tunao wa kutosha.

Sasa tuelekee upande wa bahari na wa maandishi. Maandishi ya Kiswahili yaliyosomwa sana shuleni kuhusu utumwa wa pwani ya Kenya ni Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, iliyotoka mwaka 1934. Mbotela alikuwa mwana wa mtumwa aliyekombolewa, wa jamii ya Freretown, kituo kilichoanzishwa na misheni ya CMS karibu na Mombasa katika miaka ya 1870. Kitabu hiki si riwaya kamili wala si historia kamili, na wahakiki wengi wamekilaumu kwa jinsi kinavyomkweza Mwingereza mkombozi na kumbebesha Mwarabu mzigo wote wa dhambi. Lawama hiyo ni ya haki, ila inaishia njiani. Kinachostahili kuulizwa ni kwa nini mwana wa mateka aliona njia pekee ya kuusimulia uhuru ni kuusimulia kama zawadi.

Maana historia ya bara inatoa picha nyingine. Watoro kutoka mashamba ya Malindi, Takaungu na Mombasa hawakungoja manowari. Walikimbilia Fuladoyo katika nchi ya Wagiriama, na wengine walijificha katika misheni za Rabai na kwingineko. Tarehe 1 Januari 1889 George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa aligawa vyeti vya uhuru kwa watoro wapatao 1,400, baada ya mabwana zao kukubali fidia. Watu hawa walikuwa wamekwisha kujitoa utumwani kwa miguu yao wenyewe. Walichopewa siku ile ni karatasi. Hata hivyo, katika masimulizi ya aina ya Uhuru wa Watumwa karatasi imekuwa kubwa kuliko miguu. Hapa tunaona jambo la hulka ambalo mwandishi mwenyewe hakukusudia kulionyesha: mtu aliyeteseka hutafuta hadithi itakayompa mahali pa kukaa katika ulimwengu uliopo, na mara nyingi mahali hapo hulipiwa kwa shukrani. Hatumcheki Mbotela. Mtoro wa Fuladoyo hakuwa na mchapishaji London.

Kuhusu bwana na mtumishi, riwaya inayotufaa zaidi imesimama ng'ambo ya pili, Unguja, walikokaa masultani walioitawala Malindi ile ya mtama. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) Adam Shafi anamsawiri Kijakazi, mtumishi wa kabaila Fuad. Kisheria Kijakazi si mtumwa. Utumwa ulikwisha kufutwa Unguja mwaka 1897, kama ulivyofutwa katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Lakini hata jina lake ni la cheo cha utumwa, kana kwamba hakuna aliyewahi kuona haja ya kumtafutia jingine. Anamtumikia Fuad kwa imani isiyotikiswa na matusi, na Mapinduzi ya 1964 yanapofika, yeye ndiye anayechelewa kuona kwamba kuna kitu kimebadilika. Wahakiki wa miaka ya 1980, wengi wao wakiongozwa na nadharia ya Kimarx, walimwona Kijakazi kuwa mfano wa fahamu zisizoamka. Usomaji huo si wa makosa, ila unamfanya Kijakazi awe mjinga tu, na ujinga si jambo la kututisha. Kinachotisha katika usawiri wa Shafi ni kwamba uaminifu wa Kijakazi ni uaminifu wa kweli. Ni sifa njema. Mtu yuleyule akiwa mama, jirani au rafiki angesifiwa kwa kuwa nao. Riwaya inatuonyesha jema la moyo wa mtu likitumiwa kumfungia mlango yeye mwenyewe, na hakuna daftari la rehani litakalotuonyesha hilo, hata tukilipekua ukurasa kwa ukurasa.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya jaribio la kulithibitisha dai letu kwa njia za sayansi. Mwaka 2013 David Comer Kidd na Emanuele Castano walichapisha katika jarida la Science matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliosoma kwa muda mfupi vipande vya bunilizi ya kisanaa walifanya vizuri zaidi katika mtihani wa kutambua hisia za watu kwa kuyatazama macho yao pichani. Habari hiyo ilipokelewa kwa shangwe katika idara za fasihi, ambazo siku hizi hutakiwa kila mwaka kueleza faida yake. Lakini watafiti wengine waliporudia majaribio hayo, mwaka 2016 na tena mwaka 2018, matokeo hayakujirudia. Sisi hatuoni kwamba fasihi imepoteza kitu. Kijakazi angefaulu vizuri sana mtihani wa macho. Hakuna anayeusoma uso wa Fuad kuliko yeye. Kujua hisia za mwingine ni ustadi wa mtumishi na wa tapeli vilevile. Bunilizi inaelekea kwingine: hadithi ambazo mtu hujisimulia juu ya nafsi yake ili aweze kulala usiku.

Hoja hiyo inatufikisha kwa Katama Mkangi, mwandishi Mmijikenda aliyefariki mwaka 2004. Mkangi alikuwa mwanasosholojia kwa taaluma. Mwaka 1983 alichapisha kwa Kiingereza utafiti juu ya gharama za kijamii za familia ndogo na marekebisho ya umilikaji wa ardhi miongoni mwa Wataita. Alijua, basi, kutumia hojaji na majedwali. Hata hivyo aliandika riwaya tatu kwa Kiswahili: Ukiwa (1975), Mafuta (1984) na Walenisi (1995), na baina ya ya pili na ya tatu aliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, mwaka 1986. Mtu mwenye majedwali anaihitajia nini riwaya?

Jibu limo katika jina la hiyo ya tatu, ambalo ni sentensi iliyobanwa: wale ni sisi. Dzombo, aliyehukumiwa na watawala wa nchi yake, anarushwa kwa chombo kilichokusudiwa kumwangamiza, lakini anafika katika nchi ya Walenisi, ambako watu wanaishi kwa usawa. Kwa uamuzi wetu, sehemu ya Walenisi yenyewe ndiyo dhaifu zaidi katika riwaya. Watu wake hawana vita na nafsi zao. Wanaeleza mfumo wao mithili ya wahadhiri, na msomaji anawakubali bila kuwaamini. Wao ni kuku wasiohitaji kiapo. Lakini jina linafanya kazi ambayo wahusika hawaifanyi. Jedwali la mwanasosholojia halina budi kusema 'wale': wale Wataita, wale maskwota, wale waliohojiwa. Bunilizi ndiyo aina ya uandishi ambamo 'wale' hugeuka 'sisi' katikati ya sentensi, kabla msomaji hajapata nafasi ya kukataa.

Mtu anaweza kuuliza kama hayo yana uzito wowote nje ya ukumbi wa semina. Katika Kaunti ya Kilifi yana uzito wa uhai na mauti. Kwa miaka mingi sasa wazee wa kaunti hiyo wamekuwa wakiuawa kwa kushukiwa uchawi, mara nyingi jamaa zao wakiwa miongoni mwa washukiwa, na mara nyingi nyuma ya shutuma kukiwa na shamba la kurithi. Huko Ganze kumekuwa na makazi, Kaya Godoma, ya kuwahifadhi wazee waliokimbia kwao. Uhaba wa ardhi wenyewe una historia: sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilizitambua hati za waliokuwa na madai ndani ya ukanda wa pwani na kuwaacha Wamijikenda na waliokuwa watumwa kuwa maskwota juu ya udongo walioulima. Mwanauchumi ataeleza mauaji kwa ardhi, naye mwanaanthropolojia atayaeleza kwa itikadi za uchawi. Maelezo yote mawili yanahitajika, lakini yote mawili yanaruka hatua moja. Kabla ya panga kuna hadithi. Mtoto amefariki, mvua haikunyesha, kazi imepotea Mombasa. Mtu anayaunganisha mambo hayo kwa msuko, anampa msuko huo mhusika mwovu mwenye mvi, kisha anaisimulia, nayo inapokelewa. Ni bunilizi yenye kila kitu ila ukiri kwamba imebuniwa.

Tofauti baina ya riwaya na uvumi, kwa hiyo, si kwamba moja ni ya uongo na mwingine ni wa kweli, wala si kwamba moja inajua hulka na mwingine hauijui. Uvumi unaijua hulka vizuri mno. Unajua hofu iko wapi na wivu uko wapi. Tofauti ni kwamba riwaya huja na msimulizi anayeonekana. Mwanafunzi anayefundishwa kusoma Kasri ya Mwinyi Fuad hufundishwa kuuliza nani anasimulia, anasimama wapi, anaficha nini, na hadithi ikiaminika nani atapata shamba. Maswali hayo ni ya kawaida katika silabasi zetu, nasi tumezoea kuyatungia mitihani. Ni nadra kuyapeleka barazani, inakosimuliwa hadithi ambayo mtu atalala nayo usiku na kuamka nayo akiwa na panga.

Kwa mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada, basi, pana kazi. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na kutoka hapo kwenda Kakuyuni si safari ndefu. Simulizi ya Mekatilili na kuku husimuliwa siku hizi katika sherehe za kumbukumbu yake, katika vitabu vya shule na majumbani, na haifanani kila mahali. Afaaye kukusanya tofauti hizo asitosheke na kuorodhesha yaliyobadilika; aandike pia kila usimulizi ulitolewa na nani, mbele ya nani, na kama msimulizi ni wa ukoo uliokula kiapo au wa ukoo uliompa Mwingereza kinara. Aangalie hasa mwisho. Katika usimulizi unaopendwa na watayarishaji wa sherehe, kuku anadonoa, Mzungu anaaibika, umati unashangilia. Katika usimulizi mwingine Champion anatoa bunduki anampiga kuku risasi palepale, na waliokaa barazani wanabaki na vifaranga.